Gesi ya asetilini karakanani: kuifunga, kuiwasha, kuitumia na kuihifadhi

Gonga mtungi wa oksijeni taratibu kwa kifundo cha kidole: unalia kama kengele. Gonga wa asetilini uliosimama pembeni yake: sauti inafia palepale. Wa oksijeni una gesi tupu ndani. Wa asetilini umejazwa hadi shingoni kitu kigumu chenye vitundu vidogo mno, mfano wa sponji iliyokauka. Vitundu hivyo vimenyweshwa asetoni, na gesi imeyeyuka ndani ya asetoni kama ile ya kwenye soda. Ukifungua vali shinikizo linashuka, gesi inachomoka kwenye asetoni na kupanda juu.

Mtungi umetengenezwa kwa taabu hiyo yote kwa sababu moja. Gesi ya kupikia inahitaji hewa ili ilipuke. Asetilini haihitaji. Ukiigandamiza ikiwa huru, kisha ikapata joto, cheche au mshtuko, inavunjika yenyewe kuwa kaboni na haidrojeni, na kuvunjika huko kunatoa joto linalovunja gesi iliyobaki mpaka chombo kinapasuka. Haya yote hutokea bila tone la oksijeni. Katika miaka ya 1890, watu walipojaribu kuijaza kwenye mitungi kama gesi nyingine, mitungi ililipuka. Wafaransa Georges Claude na Albert Hess ndio waliogundua kwamba ikiyeyushwa kwenye asetoni inatulia. Baadaye mhandisi wa Sweden, Gustaf Dalén, aliyekuwa akitengeneza taa za minara ya bahari, alipata kijazo bora cha vitundu. Alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912, na mwaka huohuo mlipuko wa asetilini ulimpofusha macho yote mawili akiwa kwenye majaribio.

Masharti mengi ya kazi hii yanatoka hapo. Fundi akielewa kwamba gesi hii hujilipukia yenyewe, hatahitaji kukariri orodha.

Kazi zinazoihitaji, na zisizoihitaji

Mwali wa asetilini na oksijeni hufika takriban nyuzi joto 3,100 za Selsiasi. Wa gesi ya kupikia na oksijeni hufika karibu 2,800. Tofauti inaonekana ndogo, lakini joto la asetilini limekusanyika kwenye ncha ya kiini cheupe cha mwali, kwa hiyo linayeyusha mahali padogo upesi kabla bati zima halijapinda. Tena mwali wake ukipangwa vizuri hauunguzi chuma wala haukiongezei kaboni. Ndiyo maana fundi bodi hawezi kuchomelea bati la gari kwa gesi ya kupikia, hata akibadilisha nozeli (ncha inayotoa mwali) mara kumi.

Asetilini inastahili gharama yake kwenye kuchomelea bati jembamba na mabomba madogo, kuunga mabomba ya shaba ya friji na viyoyozi, kupasha bolti iliyoganda, kukunja na kunyoosha vyuma, na kukomaza meno ya gia kwa moto. Viwanda vya kioo hutumia masizi yake kupaka ndani ya kalibu ili chupa isigande. Maabara za migodi na za udongo huichoma pamoja na hewa, kwa nyuzi karibu 2,300, ili kupima kiasi cha madini kwenye sampuli. Huko mtungi hubadilishwa wakati geji, yaani saa ya kupimia shinikizo, bado inaonyesha bar 6 au 7, kwa sababu chini ya hapo asetoni huanza kupanda na gesi na kuharibu vipimo. China hutengeneza sehemu kubwa ya plastiki ya PVC kutokana na asetilini ya kabaidi, yaani mawe ya kemikali yanayotoa gesi hii yakitiwa majini.

Lakini kama kazi yako ni kukata chuma chakavu tu, nunua nozeli na regyuleta (kifaa cha kupunguza shinikizo linalotoka mtungini) za gesi ya kupikia uachane na asetilini. Chuma kinachukua muda zaidi kupata moto mwanzoni na oksijeni inakwenda zaidi, lakini mtungi ni rahisi kupatikana na hatari ya gesi kujilipukia haipo. Usichanganye vifaa: regyuleta ya moja haifungwi kwenye nyingine, na nozeli ya kukatia ya asetilini ikitumiwa na gesi ya kupikia haitashika mwali.

Mambo manne yasiyo na mjadala

Shinikizo baada ya regyuleta lisivuke bar 1, yaani psi 15. Kwenye geji nyingi za asetilini eneo la juu ya hapo limepakwa rangi nyekundu. Fundi anayepandisha hadi bar 1.5 ili "mwali uwe na nguvu" ameweka gesi huru iliyogandamizwa ndani ya mpira wa kupitisha gesi anaoushika mkononi. Mwali ukiwa mdogo, tatizo ni nozeli, mpira uliobanwa, au mtungi unaokwisha.

Mtungi usimame wima, wakati wa kazi na wakati wa kupumzika. Ukilazwa, asetoni inakimbilia kwenye vali na kutoka na gesi. Ukiletewa mtungi uliosafiri umelala, usimamishe angalau saa moja kabla ya kuufungua, na kama ulilala safari ndefu, uache hadi kesho yake.

Usivute gesi kwa kasi kuliko asetoni inavyoweza kuiachia. Kipimo cha karakanani ni moja ya saba ya gesi iliyomo kwa saa, na kwa kazi ya mfululizo moja ya kumi. Asetilini huuzwa kwa uzito, na kilo 1 ni takriban mita 0.9 za ujazo. Mtungi wenye kilo 6.3 una karibu lita 5,700. Moja ya saba ni lita 810 kwa saa. Nozeli ya kuchomelea namba 10 hula lita 280 hivi, hapo uko salama. Nozeli kubwa ya kupashia yenye matundu mengi inaweza kuvuta lita 2,000 na zaidi. Hiyo inataka mitungi mitatu iliyounganishwa kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiifunga kwenye mtungi mmoja, utaona mtungi unapoa na kutoa jasho, mwali unabadilika rangi na kutetemeka. Asetoni imeanza kutoka. Inalainisha mpira, inaharibu diaframu (utando wa ndani) ya regyuleta, na mtungi ukirudi kujazwa una asetoni pungufu ya kushikilia gesi.

Shaba nyekundu isiguse njia ya gesi. Asetilini ikikaa na shaba tupu, fedha au zebaki inatengeneza unga ambao ukikauka hulipuka kwa kusuguliwa tu. Hapa mafundi friji wana mtego wao. Mpira wa gesi umepasuka, na chini ya meza kuna kipande cha bomba la shaba la robo inchi linaloingia vizuri kabisa. Wanakata mpira, wanachomeka kipande, wanafunga kwa waya, na kazi inaendelea kwa miezi. Ndani ya kipande kile unga unajijenga kimya kimya, mpaka siku mtu anapokizungusha ili kukitoa. Kuunga mpira kuna kiungo chake maalumu. Tochi (mpini wa kuchomelea unaoshika nozeli) na vali za shaba ya njano hazina tatizo, kwa kuwa shaba yake imechanganywa na zinki na haivuki kiwango cha asilimia 65 hadi 70.

Kufunga vifaa

1. Funga mitungi yote miwili kwa mnyororo kwenye toroli au ukutani. Kwa mfumo wa Kiingereza uliozoeleka Afrika Mashariki, asetilini ni rangi ya damu ya mzee na oksijeni ni nyeusi, au nyeusi yenye bega jeupe. Hata hivyo soma lebo, maana rangi hupakwa upya.

2. Nawa mikono ukaushe. Mafuta na grisi havikaribii oksijeni kabisa: oksijeni ya shinikizo kubwa ikikutana na grisi, grisi inawaka yenyewe, na moto unakula regyuleta kama karatasi. Kwa sababu hiyo usipake chochote kwenye hesi (mizunguko ya kukazia nati), wala usizungushe tepu nyeupe ya mafundi bomba.

3. Simama pembeni, fungua vali ya oksijeni nusu sekunde ufunge, ili ipulize vumbi. Ya asetilini usiipulize. Ifute kwa kitambaa safi kikavu.

4. Funga regyuleta. Nati za asetilini hufungwa kwa kuzungusha kushoto, na pembe zake zina alama za kukatwa ili uzitambue hata gizani. Za oksijeni huzunguka kulia. Nati ikikataa kuingia kwa mkono, kuna kosa. Usiilazimishe kwa spana.

5. Funga mipira: nyekundu kwa asetilini, bluu kwa oksijeni. Kila mpira uwe na kizuia moto kurudi upande wa regyuleta, na vali ya njia moja upande wa tochi. Vali ya njia moja peke yake haitoshi, kwani huzuia gesi kurudi lakini haizimi moto. Vibano viwe vya kukazwa kwa mashine; waya wa kufungia nondo hukata mpira taratibu na huwezi kuona.

6. Legeza skrubu ya regyuleta mpaka icheze, ndipo ufungue mitungi. Ukifungua mtungi skrubu ikiwa imekazwa, shinikizo lote linaipiga diaframu kwa mkupuo. Oksijeni ifungue polepole mpaka mwisho. Asetilini ifungue mzunguko mmoja tu, usizidi mmoja na nusu, na ufunguo wake ubaki juu ya vali muda wote wa kazi. Siku ya moto hutakuwa na muda wa kutafuta ufunguo kwenye sanduku la zana.

7. Safisha mipira, mmoja mmoja. Fungua vali ya oksijeni kwenye tochi, kaza skrubu mpaka upate shinikizo la kazi, acha ipite sekunde 5 hadi 10, funga. Fanya vivyo hivyo kwa asetilini, mahali penye hewa pasipo moto. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayolipua mipira asubuhi. Usiku kucha gesi moja inaweza kuwa imepenya kwenye mpira wa mwenzake, na mchanganyiko huo ukipata moto unasafiri ndani ya mpira kama risasi.

8. Pima uvujaji kwa maji ya kupimia yanayouzwa na wauza gesi. Ukikosa, tumia sabuni ya maji isiyo na mafuta, iliyozimuliwa, kisha ufute. Pia funga vali za mitungi, acha tochi imefungwa, na uangalie geji kwa dakika 5: sindano ikishuka, kuna mahali panapovuja. Usitafute uvujaji kwa kibiriti. Asetilini ikiwa asilimia 2.5 tu ya hewa inaweza kuwaka, na inaendelea kuwaka hata ikizidi asilimia 80.

Gesi ya karakanani hunuka kama kitunguu saumu. Harufu hiyo ni ya uchafu wa fosfini, na ni rafiki yako. Ukiisikia, zima kila kitu, fungua milango, usiguse swichi ya umeme.

Kuwasha na kupanga mwali

Kwenye nozeli za Kiingereza namba huenda sambamba na unene. Bati la milimita 0.9 linataka namba 1, la 1.2, namba 2. La 2, namba 3. La milimita 3 hivi, namba 5 au 7. La 4, namba 10. Kwa namba 1 hadi 7 weka bar 0.14, yaani psi 2, na kwa namba 10 bar 0.21, yaani psi 3, kwa oksijeni na asetilini sawa. Mafundi wengi huweka zaidi ya mara tatu ya hiyo, kisha hulalamika kwamba mwali unapuliza chuma kilichoyeyuka na kutoboa bati.

Vaa miwani ya kuchomelea ya gesi, kivuli namba 5. Miwani ya jua haifai, na barakoa ya kuchomelea ya umeme ni nyeusi mno, hutaona unachofanya. Nguo ziwe za pamba. Nailoni huyeyukia mwilini. Usiweke kiberiti cha gesi mfukoni.

Fungua asetilini robo mzunguko, washa kwa kiwashio cha cheche, tochi ikielekea pasipo na mtu wala mtungi. Kibiriti cha njiti kinauweka mkono wako ndani ya mwali. Mwanzoni moto utakuwa wa njano wenye masizi; ongeza asetilini mpaka masizi yakome na moto ukaribie kuachana na nozeli, kisha fungua oksijeni taratibu.

Sasa angalia kwa karibu. Katikati kuna kiini cheupe, na kukizunguka kuna utando mweupe wenye ncha ndefu iliyochanika. Kadiri unavyoongeza oksijeni utando unarudi nyuma. Simama pale pale unapoingia kwenye kiini na kupotea, ukabaki na kiini kimoja chenye ncha ya mviringo. Huo ndio mwali wa sawasawa, kwa chuma cha kawaida na shaba nyekundu. Ukiacha utando kidogo, asetilini imezidi. Mwali huo huingiza kaboni kwenye chuma na kukifanya kivunjike, lakini unafaa kwa kupaka chuma kigumu juu ya majembe na meno ya mashine. Ukiongeza oksijeni hadi kiini kichongoke, kifupike na kuanza kupiga mluzi, oksijeni imezidi. Shaba ya njano huutaka kidogo huo, kwa sababu unazuia zinki isichemke. Kwenye chuma unatoa cheche na povu, na kiungo kinakuwa kama mkate mkavu.

Ncha ya kiini iwe milimita 2 hadi 3 kutoka kwenye chuma, isikiguse.

Mabati ya kuezekea yamepakwa zinki. Moshi wake mweupe humletea fundi homa na kutetemeka usiku, akadhani ni malaria. Ondoa zinki kwa tupa au msasa sehemu ya kuunga, na ufanyie kazi nje.

Fundi friji ana ya kwake. Toa gesi yote ya kupozea na upitishe naitrojeni kwenye bomba kabla ya kuliwasha, kwani baadhi ya gesi mpya za friji zinawaka. Na usijaribu uvujaji wa mfumo kwa oksijeni wala asetilini. Kompresa ina mafuta ndani. Oksijeni ikiingia kwa shinikizo, kompresa inageuka bomu. Kazi hiyo ni ya naitrojeni.

Kukata

Kukata kwa gesi ni kuunguza. Chuma kikiwa chekundu cha kung'aa, karibu nyuzi 900, huungua ndani ya oksijeni safi, na mkondo wa oksijeni unapuliza majivu yake. Kwa hiyo alumini, chuma kisichoshika kutu na chuma cha kalibu havikatiki hivi. Havichomeki kwa namna hiyo hata ukivipasha mchana kutwa.

Kwa chuma cha milimita 6 tumia nozeli ya tundu la 1/32 ya inchi na oksijeni karibu bar 1.8. Milimita 12, tundu la 3/64 na bar 2.1. Milimita 25, tundu la 1/16 na bar 2.8. Asetilini ibaki bar 0.15 hadi 0.3 kwa zote. Panga mwali wa sawasawa huku ukiwa umebonyeza wenzo wa oksijeni ya kukatia, maana ukibonyeza baadaye shinikizo hushuka na mwali hubadilika. Anza ukingoni, subiri wekundu, bonyeza, tembea. Cheche zikitoka chini zimenyooka, mwendo ni mzuri. Zikirudi juu usoni, unakwenda haraka kuliko chuma kinavyoungua. Makali ya juu yakiyeyuka na kuviringika, umepunguza mwendo mno au mwali ni mkubwa.

Usikate chuma kilicholazwa juu ya sakafu ya zege. Unyevu ndani ya zege huchemka, na zege hupasuka na kurusha vipande usoni. Weka juu ya vyuma viwili, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Pipa lililowahi kuwa na petroli, dizeli, rangi au kabaidi usilikate kwa sababu tu halinuki. Mafuta yaliyojificha kwenye mkunjo wa kitako huchemka yakipata moto na kujaza pipa mvuke. Lisafishwe kwa mvuke wa maji moto, kisha lijazwe maji hadi karibu na unapokata, na tundu la hewa libaki wazi.

Kuzima: funga asetilini ya tochi kwanza, kisha oksijeni. Halafu funga mitungi yote miwili, toa gesi iliyobaki kwenye mipira mmoja baada ya mwingine, na legeza skrubu za regyuleta. Kuacha mipira imejaa wakati wa chakula cha mchana ni kuacha uvujaji bila mlinzi.

Moto ukirudi nyuma

Tochi ikipiga "pa!" na kuzima, moto umeruka hadi kwenye nozeli na kufa. Mara nyingi nozeli imegusa chuma, imeziba kwa cheche, imepata joto, au shinikizo ni dogo kuliko nozeli inavyotaka. Funga vali zote mbili, poza nozeli, izibue kwa sindano yake, safisha mipira tena, ndipo uwashe. Usiwashe tena kwa kuigusisha kwenye chuma chekundu.

Tochi ikianza kulia kwa mluzi mkali usiokoma, na mpini unapata joto, moto unaungua ndani. Funga oksijeni ya tochi mara moja, kisha asetilini, kisha mitungi yote miwili. Hapa mpangilio ni kinyume cha kuzima kwa kawaida: moto wa ndani unaishi kwa oksijeni, kwa hiyo unainyima kwanza. Kifaa hicho kisitumike tena siku hiyo. Kizuia moto kilichofanya kazi yake huenda kimefunga au kimeungua. Kikaguliwe au kibadilishwe.

Kisha weka kiganja juu ya mtungi wa asetilini, sehemu ya juu karibu na bega. Hili ndilo jambo tunaloomba kila fundi na kila kibarua wa karakana alijue. Ukiwa wa baridi na ukabaki wa baridi, salama. Ukiwa wa moto, au ukizidi kupata joto wakati vali imefungwa na hakuna moto nje, gesi imeanza kuvunjika ndani. Kuvunjika huko kunaweza kuendelea polepole kwa saa kadhaa kabla ya kupasua chuma. Usiusogeze, usiutingishe, usifungue vali "ili ipungue". Ondoa watu wote hadi mita 200, na piga simu zimamoto: 114 Tanzania, 999 Kenya. Waambie tangu mwanzo kwamba ni mtungi wa asetilini, maana wanaufanyia kazi tofauti na mwingine. Unapozwa kwa maji mengi kutoka nyuma ya ukuta au kizuizi, kwa saa nzima kwa uchache. Kisha unasimamishwa maji na kuangaliwa kutoka mbali. Ukitoa mvuke au ukikauka haraka, bado joto linatoka ndani, na maji yanaendelea.

Mtungi wowote uliopitia moto wa jengo, hata kama unaonekana mzima, ufanyiwe hivyohivyo, na usirudi kwenye matumizi.

Jenereta ya kabaidi

Mafundi wengi wa jua kali bado hutengeneza gesi wenyewe kwa kutia kabaidi majini. Kilo 1 ya kabaidi ya dukani hutoa karibu lita 300 za asetilini na kuacha tope la chokaa. Ukiweza kununua mtungi, nunua. Gesi ya kabaidi haijachujwa, ina unyevu, na kifaa chenyewe mara nyingi kimetengenezwa kwa tangi kuukuu lisilopimwa na mtu. Lakini anayeitumia aitumie hivi.

Maji yawe mengi, lita 8 hadi 10 kwa kila kilo ya kabaidi. Kemikali yenyewe inatosheka na nusu lita na kidogo. Yaliyobaki ni ya kupoza, kwani joto linalotoka linatosha kupandisha lita 8 kwa takriban nyuzi 50. Jenereta yenye maji haba hupata joto, na gesi ya moto yenye shinikizo ndiyo inayojilipukia. Tumia vipande vya ukubwa mmoja. Unga wa kabaidi hutoa gesi yote kwa mpigo mmoja.

Kati ya jenereta na tochi lazima pawe na mtego wa maji, ambao gesi hupita ndani yake ikitoa mapovu. Moto ukirudi unazimikia hapo. Kiwango chake cha maji kiangaliwe kila asubuhi na kila baada ya tochi kupiga. Pawe pia na vali ya usalama isiyofungwa kwa waya. Kuweka jiwe juu ya kifuniko ili "gesi isipotee" ni kuiondoa kinga pekee uliyo nayo.

Unapojaza tena, zima kila moto, fanyia nje, na uache gesi ya kwanza itoke, kwa sababu imechanganyika na hewa iliyoingia. Kopo la kabaidi lifungwe lisipitishe unyevu na likae juu ya mbao, mbali na mvua. Lifunguliwe kwa zana isiyotoa cheche, kamwe si kwa patasi na nyundo ya chuma. Kabaidi ikishika moto tumia mchanga mkavu au poda kavu. Maji yatatengeneza gesi zaidi. Tope liachwe shimoni mahali pa wazi siku kadhaa, likiendelea kutoa gesi. Linaunguza ngozi na macho, basi watoto wasilichezee. Likishakomaa linafaa kupaka ukuta.

Wapo wanaouziana kabaidi ya karakana kwa ajili ya kuivishia ndizi na maembe. Inaivisha kweli, kwa kuwa asetilini hulidanganya tunda kama gesi ambayo tunda lenyewe hutoa. Lakini kabaidi ya viwandani ina mabaki ya aseniki na fosforasi. Usiiuze kwa kazi hiyo.

Kuhifadhi na kusafirisha

Mitungi ya asetilini, iliyojaa na iliyokwisha, ikae nje au kwenye banda lenye matundu ya hewa chini na juu, kivulini. Oksijeni ikae mita 6 kutoka hapo, au patenganishwe kwa ukuta usioungua wa urefu wa mita 1.5. Mtungi uliokwisha bado una gesi ndani ya asetoni, usiukaushe kabisa. Acha shinikizo kidogo, karibu nusu bar, ufunge vali na uandike kwa chaki kwamba umekwisha. Usijaze mtungi mdogo kutoka mkubwa. Kwa asetilini kazi hiyo haina njia salama mtaani, kwa sababu huwezi kujua mdogo una asetoni kiasi gani wala kama kijazo chake hakijalegea na kuacha pengo la gesi huru.

Mtungi ulioangushwa ukabonyea, au vali yake ikapinda, urudishwe kwa aliyeujaza ukiwa na maelezo yaliyoandikwa.

Safari iwe kwenye gari la wazi, mtungi wima, umefungwa, regyuleta imetolewa na kofia ya vali imewekwa. Buti la gari dogo, kiti cha nyuma cha bajaji na gari la mizigo lililofungwa havifai: uvujaji mdogo wa usiku mmoja unajaza nafasi hiyo, na cheche ya swichi ya mlango asubuhi inatosha. Ikibidi kutumia gari lililofungwa, mtungi usilale humo hata usiku mmoja. Ukifika, ushushe kwa watu wawili bila kuubwaga, usimamishe na uufunge mnyororo, kisha uusubiri utulie kabla ya kufunga regyuleta.